Mafunzo Niliyopata Kati ya Embu na Meru: Makutano, Mugithi na Paka wa Majina Manne

Kazi yangu ni kuuza vitabu vya shule, na kazi hiyo imenifanya mtu wa barabara. Embu, Runyenjes, Chuka, Igoji, Kanyakine, Nkubu, Meru, halafu narudi. Nyumbani ni Embu, ukweni ni Imenti, na usiku hunikuta popote kati ya hapo. Watu wa Nairobi hudhani kwamba huku kwetu giza likishaingia tunakula githeri na kulala. Githeri tunakula. Kulala ni habari nyingine. Haya ndiyo mafunzo niliyookota njiani, na ukiyakamua yote yanatoa tone moja: katika miji ya ukubwa huu, hakuna anayefanya jambo lake peke yake.

1. Mtu akikwambia yuko Makutano, muulize Makutano gani

Kuna Makutano ya Meru mjini, penye baa, nyama choma na muziki. Kuna Makutano ya njia panda, pale unapoacha barabara ya Sagana na kushika ile ya Mwea na Embu. Kati ya huku na kule kuna mashamba ya mpunga ya Kirinyaga, Embu yote, Tharaka Nithi yote, na daraja la Nithi, lile la ajali, ambapo hata makanga mwenye kelele hunyamaza mpaka gari livuke.

Jioni moja shemeji yangu, anayeishi Nairobi, alipiga simu: "Nimefika Makutano, nyama iko tayari?" Tukaitoa motoni, tukaikata, tukamwaga kachumbari juu. Shemeji alikuwa kule Mwea, akipatana bei ya mchele wa pishori. Alipofika Meru alikuta mifupa na msamaha.

La kuudhi ni kwamba hakusema uongo hata chembe. Mkenya anayetaka kuficha mahali alipo huhitaji kipaji, lakini ukiwa kwenye barabara hii ramani inakusaidia bure. Siku hizi hatuulizi mtu amefika wapi. Tunamwambia ataje anachokiona mbele yake. Akitaja mpunga, mbuzi anaachwa aendelee kula majani.

2. Ikweta haina jioni ndefu

Mstari wa ikweta unapita kusini kidogo ya mji wa Meru, na kando ya barabara kuna kibao ambapo wageni hupigia picha, mguu mmoja kaskazini, mwingine kusini. Kwa anayepanga kutoka usiku, maana yake ni hii: jua la Meru hutua takriban kati ya saa kumi na mbili na robo na saa moja kasorobo, Januari mpaka Desemba. Ulaya mume anaweza kujitetea kwamba jua lilikuwa bado linawaka saa tatu usiku. Hapa, mke akisema urudi kabla ya giza, amekupa saa kamili na rufaa hakuna.

Upande wa pili kuna sheria ya kudhibiti vileo ya mwaka 2010, ambayo kila mtu huiita Mututho kwa sababu ya John Mututho, mbunge wa Naivasha wakati huo, aliyeisukuma bungeni. Iliweka saa za baa: siku za kazi kuanzia saa kumi na moja jioni hadi saa tano usiku, na wikendi kuanzia saa nane mchana. Kwa hiyo, tangu giza liingie mpaka baa ifungwe, mtu wa kufuata sheria ana saa nne na kitu. Katika muda huo nimeona watu wakipatanisha ndoa isiyo yao, wakinunua shamba kwa maneno, wakiliuza tena kwa faida, na wakiunda serikali ya kaunti pamoja na upinzani wake. Ubaya huja saa tano ikikaribia, kila mtu anapoagiza mbili mbili ili asipatikane na kiu. Hesabu zote za usiku huharibikia hapo. Anza mapema, uondoke ungali unajua kusoma bili.

3. Sauti ya juu si ugomvi

Mizaha kuhusu hasira za Wameru imejaa Nairobi, na mgeni hufika nayo mfukoni. Akisikia wazee wawili wakizungumza, anaanza kutafuta mlango.

Nilimpeleka mwenzangu wa kazini, mtu wa Mombasa, katika soko la Gakoromone. Akina mama wawili walikuwa wamesimama juu ya mikungu ya ndizi, mikono kiunoni, sauti zimefika paa. Mmoja akapiga kofi. Mwenzangu akanivuta shati: "Ndugu yangu, tuondoke kabla damu haijamwagika." Nikamwambia asubiri. Mama wa kwanza alikuwa anasimulia jinsi harusi ya binti yake ilivyofana, na wa pili alikuwa anakubali kwamba kweli ilifana. Kofi lilikuwa la kushangilia keki.

Ukitaka kuogopa, njoo Embu. Huku mtu hukutazama, akatabasamu, akasema polepole, "Sawa tu, tutaona." Ukisikia hivyo ujue kesi umeshindwa zamani, na wazee wa ukoo wameshapewa tarehe.

4. Mipango ya saa nane usiku isubiri chai

Igembe na Maua ni nchi ya miraa. Mbeere, upande wa chini wa Embu, ni nchi ya muguka. Miraa unatafuna ganda la kijiti, muguka unatafuna majani, na ukipenda amani usiseme mbele ya mtu wa Mbeere kwamba muguka ni mdogo wake miraa. Mei 2024 kaunti za Mombasa na Kilifi zilipiga muguka marufuku, Mahakama Kuu ya Embu ikasimamisha amri hizo, na kwa muda huo kila kibanda cha chai mjini Embu kilikuwa na mawakili wake, wengi wakiwa na kesi nyingi kuliko sukari.

Miraa haikai. Siku mbili tangu ichumwe, nguvu imekwisha. Ndiyo maana hufungwa kwa majani ya mgomba isikauke, na ndiyo maana pikapu zake hupita barabarani kwa kasi inayomfanya kila mzazi avute mtoto wake kando. Uholanzi iliifungia mlango 2013, Uingereza ikafuata 2014, soko likatikisika na wakulima wakaumia. Mazungumzo ya usiku hayakupungua.

Nilialikwa kwenye veranda moja Maua. Wenzangu walikuwa na bunda lao, karanga na bigijii. Mimi nilikuwa na chai. Ilipofika saa nane usiku tulikuwa tumeanzisha kampuni ya kufuga samaki. Mwenyekiti amechaguliwa. Mweka hazina amechaguliwa, ametuhumiwa, amejiuzulu. Kukawa na mvutano mkali kuhusu nani atalala na gari la kampuni. Hakuna aliyeuliza maji yatatoka wapi, na boma lile lilikuwa kilimani, likinunua maji kwa mtungi.

Kulipokucha wakurugenzi walikuwa wamejikunyata pembeni, kila mmoja akijidai hajui aliyependekeza samaki. Mbuzi wa mwenye boma walikuwa wanamalizia majani ya mgomba na masalio ya miraa, na wao ndio waliokuwa na uchangamfu wa kuendesha kampuni. Mipango ya namna hiyo vijana huiita stori za jaba, yaani za miraa. Lolote lililoazimiwa kabla ya jogoo kuwika, lisomwe upya kwa chai ya maziwa, na kila mjumbe awe amenawa uso.

5. Kwenye mugithi huchagui bega

Mugithi ulizaliwa kwa Wakikuyu, lakini Embu na Meru zimeulea. Ni mtu mmoja, gitaa moja, na spika zinazotikisa chupa. Ikifika saa yake watu hujipanga mstari, kila mmoja ameweka mikono mabegani mwa aliye mbele, na treni inaanza kuzunguka meza. Uzuri wake ni kwamba hahitajiki mtu anayejua kucheza. Ubaya wake ni kwamba ukiinuka gizani, bega utakalolishika limepangwa na Mungu.

Usiku mmoja Embu niliinuka wimbo umekolea, nikashika mabega yaliyokuwa karibu. Mwenye mabega akageuka. Alikuwa ni mwenye nyumba wangu, na tarehe tano ilikuwa imepita bila kodi kuonekana. Kabla sijaamua kama nimwachilie, mikono miwili ikatua mabegani mwangu. Nikageuka. Alikuwa ni mwalimu mkuu ambaye shule yake ilikuwa na deni la vitabu vyangu tangu muhula uliotangulia.

Tukazunguka hivyo, mdai, mdaiwa na mdaiwa wa mdaiwa, tumeshikana kama mabehewa. Hakuna aliyetaja pesa. Mwenye nyumba aliimba kwa sauti nzuri, mwalimu mkuu akapiga mbinja. Jumatatu shule ililipa. Jumanne nikalipa kodi. Sijawahi kuona barua ya wakili iliyofanya kazi hiyo kwa haraka hiyo, na tangu siku ile, mtu akinichelewesha sana, namuuliza kama anapenda mugithi.

6. Mchoma mutura ndiye karani wa usiku

Jioni, kando ya kila steji, kuna mtu na jiko lake na kibao chake. Anakata mutura, ule utumbo uliojazwa nyama, kwa kisu kirefu, anaweka chumvi na pilipili pembeni, na watu wanakula wamesimama. Pale hapana meza ya wakubwa. Meneja, dereva wa boda boda na mzee wa kanisa "aliyekuwa anapita tu" wote huchovya chumvi ile ile.

Yule mchomaji anajua nani alitoka na nani, saa ngapi, na akielekea wapi. Hasemi. Nilimuuliza mmoja wa Nkubu kwa nini hasemi, akafuta kisu chake akanijibu, "Mwalimu, nikisema nitamuuzia nani?" Mimi si mwalimu, ila muuza vitabu hapa ni mwalimu mpaka afe. Mlipe kabla hujaondoka. Karani wa namna hiyo hakopwi.

7. Embu usitume pesa kwa jina la kwanza

Tangu M-Pesa ianze 2007 hakuna tena sababu ya kutoka na pochi, na tangu mkopo wake wa Fuliza uje 2019 hakuna tena sababu ya kurudi nyumbani pesa zikiisha. Hatari iko kwenye orodha ya majina. Simu ya mtu wa Embu imejaa Njeru, Nyaga na Ireri; ukisimama kituoni ukaita "Njeru!" nusu ya abiria watageuka na dereva pia.

Shemeji yangu yule yule alitaka kumtumia Njeru wa meza yetu mchango wa bili. Pesa zikaenda kwa Njeru fundi wa mabomba. Kabla hatujakumbuka kwamba ujumbe wa M-Pesa hutumwa kwa 456 ili muamala urudishwe, Njeru fundi alikuwa ameshajibu: "Asante shemeji, nitafika asubuhi." Saa moja asubuhi alikuwa mlangoni kwangu na spana zake zote. "Pesa nilipata. Bomba gani?" Mtu ameamka mapema, amevaa gambuti, utamwambia nini? Ikabidi bomba litafutwe. Lilipatikana moja chini ya sinki ya jikoni, lililokuwa likivuja polepole bila sisi kujua.

8. Mbwa asipewe jina la mpangaji

Mbwa wa huku huitwa Simba, Tommy, Bosco, Tiger au Jimmy. Katika ploti tuliyokaa Embu kulikuwa na Jimmy, mbwa wa mama mmoja wa Mbeere. Kisha akahamia kijana mpole, karani wa ofisi fulani, na jina lake la ubatizo likawa Jimmy.

Kila alfajiri ploti nzima iliamshwa na sauti ya mama: "Jimmy! Umekojolea viatu vya watu tena?" Jumapili, mbele ya wageni wa kanisa: "Jimmy, toka kwenye takataka!" Kijana akavumilia, akavumilia, mwisho akaenda kuomba kwa adabu kwamba mbwa abadilishiwe jina. Mama akamsikiliza mpaka mwisho. "Mwanangu, nakuelewa kabisa. Lakini Jimmy alitangulia kuhamia." Wapangaji wakaketi, wakaamua: kijana alikuwa anakaa ghorofani, basi yeye awe Jimmy wa Juu, na mbwa awe Jimmy wa Chini. Kijana alihama baadaye akiwa na mke, na kwenye harusi yake mshereheshaji alimtambulisha hivyo hivyo.

Jimmy wa Chini alikuwa na tabia nyingine. Mwizi alimpokea kwa mkia, lakini mpangaji aliyechelewa alimbwekea kuanzia geti mpaka kitasa cha mlango. Ploti nzima ilijua saa uliyoingia. Pamoja na hayo mama alimpeleka kuchanjwa kila mwaka bila kukosa, na hilo si la mzaha, kwa maana kichaa cha mbwa kikishaanza kuonyesha dalili kwa mtu hakina tiba ya kutegemewa. Mbwa akikuuma, osha kidonda kwa maji mengi na sabuni kwa dakika 15, kisha uende hospitali siku hiyo hiyo. Usisubiri kuona kama mbwa atachanganyikiwa.

9. Paka si wako

Sisi tulimwita Pusi. Alikuja mwenyewe, akakaa, akala omena zetu, tukamhesabu kuwa mtu wa nyumbani. Wiki ambayo hakuonekana nilitoka kumtafuta na tochi. Getini nikakutana na jirani anayemtafuta paka wake, Chui, na mama wa chapati anayemtafuta wake, Mchungaji, aliyepewa jina hilo kwa sababu hakosi kutembelea watu saa ya chakula. Paka wote watatu ni weupe wenye sikio moja jeusi. Tulitazamana kwa muda.

Tulimpata dukani, amelala juu ya gunia la omena, amenenepa, na mwenye duka akimwita Meneja.

10. Umaarufu haumzuii kupe

Mnyama mashuhuri kuliko wote wa Meru ni simba jike. Mwaka 1956 George Adamson, aliyekuwa mlinzi mkuu wa wanyamapori kaskazini mwa Kenya, alimpiga risasi simba jike aliyemshambulia, ndipo akagundua kwamba ameacha watoto watatu. Wawili walipelekwa Rotterdam. Wa tatu, Elsa, alilelewa na George na mkewe Joy, akafundishwa kuwinda, akaachiliwa porini. Kitabu cha Joy kuhusu maisha hayo, *Born Free*, kilitoka 1960, na filamu yake 1966. Watu waliokuwa hawajui kama Meru ni mji au ni mlima walimlilia simba wa Meru.

Elsa alikufa Januari 1961. Hakuuawa na jangili wala na simba mwenzake. Ulikuwa ugonjwa wa damu unaoenezwa na kupe. Kaburi lake liko ndani ya Mbuga ya Kitaifa ya Meru, karibu na mto Ura, na wageni wanavuka bahari kuja kulitazama. Ninapowaona mbwa wetu wa vijijini wamefungwa mnyororo chini ya mwembe, masikio yamejaa kupe waliovimba, huwa namkumbuka. Simba aliyesomwa dunia nzima aliangushwa na mdudu huyo. Tommy wako anayelala kwenye mahindi hana kinga ya ziada.

11. Kujulikana kuna faida yake

Usiku mmoja matatu yetu iliharibika Igoji, mvua inanyesha, saa nne imepita. Nimesimama chini ya paa la duka na boksi la vitabu, boda boda moja ikapita, ikarudi nyuma. "Wewe si yule wa vitabu? Mkwe wa Mzee wa kule juu, mwenye ng'ombe mweusi?" Sikuwa nimewahi kumwona kijana yule. Alinifunika boksi kwa koti lake la mvua, akanifikisha ukweni, akakataa pesa akisema atachukua kwa mama mkwe siku ya soko. Akachukua kweli, na mama mkwe akajua saa niliyofika, na hali niliyokuwa nayo, na kwamba boksi ndilo lililovaa koti.

Mtu anayetaka kutoka bila kuonekana aende Nairobi. Huko hata ukianguka watu wanakuruka. Huku kwetu mji mzima unajua saa uliyoingia, deni ulilo nalo na jina la mbwa wako, na kwa hesabu yangu bei hiyo si ghali. Basi lipa madeni madogo, yale ya mutura na ya dukani, maana hayo ndiyo yanayotembea usiku. Na wiki hii mtoe Tommy kupe, umpeleke akachanjwe. Ofisi ya mifugo hufunguliwa saa mbili asubuhi, na hata kama jana ulitoka, saa hiyo utakuwa umeshaamshwa na jogoo wa jirani.